Ukuta Ulioombwa Mara Mbili

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na watoto wa maktabani hawajakumaliza sauti. Mimi mzima, ila chakula cha hapa chuoni kinahitaji maombi.

Muhula huu nina somo lenye jina refu kuliko korido yetu: gridi na ukokotoaji uliosambazwa. Ukilivua koti ni hivi: kazi inayoishinda kompyuta moja inakatwa vipande, na vipande vinagawiwa kompyuta nyingi, hata zikiwa miji tofauti. Mhadhiri alitaka methali ya kulieleza. Darasa zima tukamjibu kidole kimoja hakivunji chawa, akacheka akaiandika ubaoni.

Kila mmoja wetu ametakiwa achague kazi. Mimi nimechagua mto wa mtaani kwetu: mvua kubwa ikinyesha maji yatapita wapi, na ule ukuta wa kando ya mto unaopiganiwa na kamati yenu ya mtaa utayazuiaje. Idara ya upimaji imenipa vimo vya ardhi. Nilichokosa ni kompyuta. Za maktaba yako zinalala tangu mnapofunga mpaka mnapofungua. Naomba uniazime huo usingizi wao.

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linalalamika kama mwenyewe. Mkuu wangu amekubali. Aliyegoma ni mlinzi: anasema mashine inayofanya kazi bila mtu imepagawa. Nilipomwambia ni kazi yako, akasema basi ndiyo maana.

Lakini nieleze. Kama kila kompyuta inashika kipande chake tu cha mtaa, ya maktaba itajuaje kwamba maji yanakuja kutoka kipande cha jirani? Na moja ikizimika katikati ya kazi, je? Ukuta huu nimeupigania tangu soko na zahanati vilipozama. Nataka kujua unavyopimwa.

Shangazi yako

2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Habari za hapo? Hapa kwema.

Umeuliza swali la mtihani. Kila kompyuta ikipiga hatua moja ya hesabu, inasimama na kuwaarifu majirani zake maji yamefika wapi mpakani, kisha zote zinaendelea pamoja. Moja ikizimika, kipande chake kinapewa nyingine.

Sasa nisome taratibu. Bila ukuta, soko linazama, kama unavyojua. Nikiuweka ukuta, soko na zahanati vinabaki vikavu. Lakini maji yale hayapotei. Yanageukia ng'ambo, upande wetu, na yanaingia nyumbani kwako hadi usawa wa madirisha. Sijamwonyesha mtu. Huenda nimekosea.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Ukuta huo nilitembea nyumba kwa nyumba kuuombea. Wenye vibanda sokoni wananiita Mama Ukuta. Nikisema sasa haufai, watasema nimeona nyumba yangu tu. Nikinyamaza, majirani zangu watalala kwenye maji. Kwa hiyo usinipambie. Hakikisha kwa kila njia mnayoijua, kisha unieleze ulivyohakikisha, maana nitaulizwa.

Shangazi yako

30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimekuwaza sana.

Kila kipande nilikipa kompyuta mbili zisizojuana, ili moja ikiteleza nyingine iiumbue. Zimekubaliana: ukuta ukiwa mzima, upande wetu unazama. Nikampelekea mhadhiri. Akaniuliza, "Umejaribu ukuta wa namna nyingine?" Sikuwa nimejaribu. Nikauacha wazi penye uwanja wa mpira. Maji yakaingia uwanjani, yakatulia humo. Soko likapona na sisi tukapona.

Nakutumia ramani zote mbili. Ila hii ni hesabu, si ramli. Ardhi ina mambo yake.

Mwanao

24 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Unisamehe ukimya, mkutano wa kamati uliahirishwa na kuahirishwa tena. Jana ndipo niliposimama na ramani zako. Nilipomaliza, mwenyekiti akasema, "Mkutubi, ukuta huu uliuomba wewe."

Nikamjibu, "Niliuomba. Leo nauomba tena, uwe na mlango."

Muuza ndoo mmoja wa sokoni akatoka nje akisema nimewauza. Vijana wa mpira walinuna kuliko wote. Lakini mhandisi wa halmashauri aliziomba ramani, akaenda nazo. Leo sokoni sikusalimiwa kama zamani. Inauma.

Shangazi yako

17 Novemba

Mwanangu,

Hujambo? Huku wote wazima. Nimetanguliza hilo ili usome kwa utulivu.

Ukuta ulikamilika, na pengo lake. Mvua ikaja, ya aina ambayo wazee hawaikumbuki. Uwanja umekuwa ziwa, magoli yanachungulia tu. Soko lilifunguliwa asubuhi kama kawaida. Kwangu hata zulia halikulowa. Muuza ndoo alipita kunijulia hali. Alikunywa chai mpaka ikaisha.

Sasa kuna kitu kinanisumbua. Nyuma ya kibanda cha kinyozi, mahali ambapo ramani yako ilisema pakavu, maji yalitokea. Yakasimama kimo cha kifundo cha mguu, kisha yakaondoka bila kupita barabarani. Hayakumdhuru mtu. Nimevaa mabuti ya mpira nikazunguka pale mpaka kinyozi akaacha mteja na povu kidevuni, akatoka kuniuliza nimepoteza nini. Sioni yalikotoka wala yalikokwenda. Kompyuta zote zile, hakuna iliyolijua hilo. Kwa nini?

Shangazi yako

21 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka wenzangu wa bwenini wakauliza kulikoni.

Kuhusu nyuma ya kinyozi: sijui. Mhadhiri naye hajui. Ameikodolea macho ramani asubuhi nzima, chai yake imepoa. Tunakuja Jumamosi na vifaa vya kupimia. Mwambie kinyozi asifagie chochote.

Mwanao