Wasifu wa Dada Yangu Aliye Hai

Tunduma, Jumamosi. Baridi kavu. Upepo wa tangu alfajiri umeleta vumbi mpaka juu ya meza yangu.

Wasomaji wangu, mniwie radhi kwa kimya kirefu. Sikuugua. Kuna wasifu mmoja ulionishinda, mimi niliyewaandikia marehemu wengi wa ukoo wetu na wa usharika wetu.

Utaratibu wake naujua: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, aliugua, ameacha watoto na wajukuu. Husomwa mbele ya jeneza, kisha watu huelekea kaburini. Hakuna marehemu aliyewahi kuniambia kama nimepatia.

Dada yangu wa Itaka hakutaka kusubiri. Ni mzima, bado anachuma kahawa yake mwenyewe.

"Mdogo wangu, unawaandikia watu wakiwa hawasikii. Wangu nisomee sasa."

Nilimwandikia, nikamsomea. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Huyo marehemu ni nani? Wapeni pole nyumbani kwake. Mimi simo humo!"

Akataka niandike kwamba mumewe alipofariki, shemeji yake alimfukuza shambani, naye akawa analala chini ya vichanja vya kukaushia kahawa mpaka ukoo ukamwachia shamba.

Niliandika hivyo. Nilipomsomea, hakucheka. Aliniambia nirudie.

Hiyo ndiyo sababu ninaandika. Sasa naijua bila shaka: ili mtu asikie maisha yake na kusema, naam, ni mimi.

Lakini mwanawe mkubwa, aliyekuwa akigeuza kahawa karibu yetu, alisikia.

"Mjomba, futa hapo. Baba mdogo atakuwa amekaa mbele ya watu wote. Mnataka tuzike wawili siku moja?"

"Akae," dada akamjibu. "Mimi nililala nje."

Sentensi ile ni ya kweli, wala sitaifuta. Hata hivyo, si haki shemeji yule aisikie kwa mara ya kwanza msibani, mahali asipoweza kujibu. Ikiwa dada alistahili kusikia akiwa hai, naye anastahili.

Kesho baada ya ibada nitakwenda kwake, nimsomee ana kwa ana. Huenda akanifukuza. Ana uzoefu.

Huenda pia akawa na neno lake. Nikishaamua kama sentensi ya dada itasimama peke yake au itafuatwa na ya shemeji, nitaandika hapa.