Gunzi katika lori la Papa Wilfried

Kalemie, tarehe 9 Mei

Dada Laurette,

Samaki uliotutumia kutoka Zongwe walifika vizuri, na watoto wamewamaliza. Sisi tuko wazima.

Naomba umsomee mwanao Edouard barua hii.

Mwezi uliopita nilisema mbele ya Papa Wilfried, mwenye lori ninalotengeneza, kwamba Edouard, dereva wake, anauza mazutu, yaani dizeli ya lori, kwenye barabara ya Manono, kwa sababu tangi lilikuwa linaisha upesi mno. Edouard alinijibu, "Mujomba, wewe unapima hata chumvi ya mboga! Pima presha ya mazutu kwanza, halafu uniite mwizi." Nilimcheka. Akafukuzwa kazi.

Jana, lori likiwa na dereva mpya, tangi liliisha vilevile. Nikafunga kipimo: presha ya mazutu ilikuwa mara mbili ya kawaida. Nilipofungua kwenye pompi mpira unaorudisha mazutu tangini, yakamwagika katika bidoni ya plastiki niliyoitega chini, na presha ikashuka. Kumbe njia ya kurudi ilikuwa imezibwa, na mazutu yalikuwa yanapenya kwenye oili ya injini. Mwisho wa mpira, upande wa tangi, nilikuta gunzi la muhindi limezama ndani.

Nikafungua daftari langu la kila siku. Tarehe 14 Machi niliandika: "Nimetoa tangi kulisafisha. Nimeziba mpira kwa gunzi, vumbi lisiingie." Kwamba nilitoa gunzi, sikuandika popote.

Leo ninampelekea Papa Wilfried daftari hilo na gunzi lenyewe. Pengine nami atanifukuza.

Mwambie Edouard kwamba mujomba wake amepima.

Mdogo wako,
Symphorien