Hodi ya Baba Mikokoni

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Goti lako laonaje sasa? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Moyo ndio bado unazurura Gazi. Huku ughaibuni ukungu unashinda mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga.

Unakikumbuka kile kinasa sauti nilichokifunga kwenye mkoko mkubwa nilipokuja likizo? Hakilali. Kinasikia ndege, kamba wa majini, maji yakijaa na kupwa, kisha kinayatuma yote kwenye kompyuta ya hapa kazini, vipande vya dakika kumi kumi. Kila kipande ni faili moja, halizidi wala halipungui. Nafasi ikijaa, jipya likiingia, la zamani kabisa linafutwa. Sheria hiyo niliiweka mimi mwenyewe. Nani angetaka kelele za kamba wa miezi iliyopita?

Baba alipofariki mkamzika siku ile ile, sikuwahi. Nikuambie kweli, mama, sikulia. Kila siku nilivaa spika za masikioni nikasikiliza maji ya kwetu, mpaka nikasahau niko nchi gani.

Juzi asubuhi nikakumbuka: Baba haingii mikokoni bila kupiga hodi mara tatu. Kumbe hodi zake zimo! Nikaitafuta siku ile ya mwisho mlipokwenda pamoja kupanda miche. Siku hiyo ilikuwa tayari imeanza kufutika. Nikasimamisha ufutaji mbio mbio. Faili kongwe lililobaki linaanzia katikati ya maneno yake:

"...basi usilie, mwanangu. Miche yako naitunza."

Ukacheka: "Ebo! Mume wangu, waongea na mti?"

"Naongea na Mwanasiti. Ila mashine yake haina adabu, nimepiga hodi haikuitika."

Kisha maji tu, na jembe lenu kwenye tope.

Hapo nililia, mama, mbele ya wenzangu wote, bila haya. Hodi zenyewe, na maneno aliyoanza nayo, yalikuwa kwenye faili lililotangulia. Limekwenda. Majuto ni mjukuu.

Nisalimie kaka Bakari, anayekusomea barua hii. Asome polepole, asirukie mistari kama kawaida yake. Nisalimie na shangazi anayekaa nawe edani, Mungu amlipe wema wake.

Sasa ninakuomba jambo moja. Dakika zile zimebaki kwako peke yako, wewe ulikuwapo. Sikuhimizi utoke kabla ya wakati. Eda ikiisha, nenda polepole hadi kwenye ule mkoko, upige hodi kama yeye, kisha uniambie alianzaje. Hakifutwi kitu tena.

Nitakuwa nimevaa spika zangu, mama. Safari hii nitaitika.

Ni mimi mwanao,
Mwanasiti