Maelezo ya Wanda Pilarski Kuhusu Mtu Aliyekuwa Nyumba Namba 41

KITUO CHA POLISI, DEPFORD, JIMBO LA NEW YORK
Tarehe: 25 Januari 2019, saa nne na nusu asubuhi
Jina: Wanda Pilarski
Umri: Miaka 67
Kazi: Mpishi mstaafu wa shule
Makazi: Mtaa wa Linden, namba 43

Nimekuwa jirani wa marehemu Zygmunt Halas tangu mwaka 1981. Tarehe ninazozitaja nimezitoa kwenye shajara yangu, ambayo huiandika kila siku baada ya chakula cha jioni.

Mzee Halas alikuwa na kiwanda cha soseji. Mkewe, Irena, alifariki Machi 2016 katika chumba cha juu cha nyumba yao, namba 41. Mwaka uliofuata mzee aliuza kiwanda. Kabla ya kuuza alijiandikisha kuwa mkazi wa Florida, ambako jimbo halitozi kodi ya mapato. Ushauri huo ulikuwa wa binti yake, Paula.

Mnamo Septemba 2018 ofisi ya kodi ya jimbo letu ilimjulisha kwamba inataka kuhakikisha kama kweli alihama, tangu mwaka wa mauzo hadi sasa. Paula alinieleza kuwa wakaguzi hutazama mtu analala wapi, simu yake iko wapi, gesi na umeme vinatumika kiasi gani, na hata vitu anavyovipenda viko nyumba ipi. Wangeona bado ni mkazi wa huku, sehemu kubwa ya fedha za kiwanda ingekwenda kwenye kodi.

Mnamo tarehe 10 Novemba, saa tatu asubuhi, lori lilikuja namba 41. Lilipakia piano, picha ya harusi na kiti cha kubembea cha Irena. Mzee alikuwa amesimama barazani na kofia mkononi.

Alisema, "Paula, hata kiti?"

Paula akasema, "Kiti hasa, baba. Ndicho watakachouliza."

Siku hiyohiyo Paula alimpeleka Florida, kisha akarudi kwake, mji mwingine wa mbali. Mimi niliachiwa ufunguo ili niangalie nyumba kila Jumatatu. Maji yalifungwa, joto likaachwa chini kabisa.

Jumatatu tarehe 3 Desemba niliingia saa tano asubuhi nikasikia harufu ya kahawa jikoni. Jiko lilikuwa limekatwa gesi. Niligusa sinki, nikalikuta kavu. Nilifunga mlango nikaenda zangu.

Tarehe 17 Desemba, saa hizohizo, nilisikia mtu akiimba wimbo wa Krismasi kwa kuvuma, juu, katika chumba alichofia Irena. Ulikuwa wimbo wake, na mahali pale alipozoea kukosea ndipo aliyevuma alipokosea. Sikupanda. Nilimweleza dada yangu, akacheka, "Wanda, sasa umeanza kusikia maiti? Punguza vodka." Mimi sinywi.

Tarehe 7 Januari, saa kumi jioni, nilipanda. Chumba kilikuwa kitupu isipokuwa magodoro mawili ya sofa sakafuni na jiko dogo la gesi la kambini. Mzee Halas alikuwa amekaa chini pale kilipokuwa kiti, amejifunga blanketi mbili na koti la kazini.

Nilimwambia, "Zygmunt! Wewe si uko Florida?"

Akasema, "Niko Florida, jirani. Huyu unayemwona siye mimi. Muulize Gus."

Gus ni rafiki yake wa huko. Mzee alinieleza kuwa alimwachia Gus simu na kadi ya benki. Kila asubuhi Gus huitembeza simu ufukweni, hunywa chai kwa kadi ya mzee, na humjibu Paula ujumbe. Yeye mwenyewe alirudi kwa basi tangu mwisho wa Novemba, akalipa taslimu.

Nilimuuliza amerudia nini kwenye nyumba ya baridi namna hii.

Alisema, "Irena huja. Si kila siku. Huko Florida hajawahi kufika hata mara moja, Wanda. Atanipataje?"

Nilimwambia aongeze joto, akakataa, kwa sababu mita ingeonyesha kuna mtu. Nilimwambia basi aje kulala kwangu. Alicheka mpaka akakohoa. "Irena anikute kwako? Ataniua mara ya kwanza, kisha ya pili."

Kuanzia siku hiyo nilimpelekea maji ya kunywa, supu na pierogi, zile sambusa za kuchemsha, kila mchana, nikipita mlango wa nyuma. Siku mbili nilimkuta akizungumza kabla sijapanda. Nilipoingia alinyamaza na kunitazama kama mtu aliyekatizwa.

Tarehe 14 Januari, saa mbili usiku, nilimpigia Paula, kwa sababu kikohozi kilikuwa kimemzidi. Alisema, "Shangazi," kama anavyoniita tangu utotoni, "baba amenitumia picha ya bahari leo asubuhi."

Nilisema, "Nimemlisha leo mchana kwa mkono wangu."

Akasema, "Hujamlisha. Unanielewa? Kikao na mkaguzi ni tarehe 30. Kikiisha nakuja kumchukua mwenyewe."

Tarehe 16 nilimwita daktari wangu. Mzee alijifungia chumbani kwa ndani, akasema kupitia mlango kuwa nyumba haina mtu.

Tarehe 23 Januari theluji ilianguka mchana kutwa na upepo ukakaza. Nilimpelekea supu saa saba. Hakula. Aliniambia nipunguze sauti. Nilimuuliza kwa nini, akaonyesha kwa kidevu upande wa dirisha, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nilipiga simu ya dharura. Gari la wagonjwa lilikwama barabara kuu. Nilikaa naye, nimemfunika kwa koti langu pia. Saa kumi na moja na dakika ishirini alisema, "Ingia, baridi," lakini mimi nilikuwa nimeshaingia zamani. Baada ya hapo hakusema tena. Wahudumu walifika saa kumi na mbili na nusu.

Jana, tarehe 24, saa tatu asubuhi, Paula alikuwa kwangu, amefika kwa ndege ya kwanza. Simu yake ililia mezani. Alinionyesha. Ulikuwa ujumbe kutoka simu ya baba yake: "Nimeamka salama, binti. Jua zuri leo." Gus alikuwa hajaambiwa. Paula aliishika simu yake kwa mikono miwili, na ujumbe hakuujibu wala hakuufuta.

Leo, hapa kituoni, kwenye korido, aliniomba niseme kuwa baba yake alikuja juzi kutembea tu. Alisema, "Shangazi, ameshakufa. Kusema aliishi Florida hakumdhuru. Kusema aliishi hapa kunatumaliza sisi." Alikuwa analia kweli. Nilimwambia nimempenda tangu alipokuwa anatambaa, na kwamba siwezi.

Afisa ameniuliza marehemu aliishi wapi. Aliishi namba 41, Mtaa wa Linden, chumba cha juu, na mkewe. Ofisi ya kodi ikiniuliza nitaijibu hivyohivyo.

Niliyoyajua ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali kuwa yangu.

(Sahihi) W. Pilarski

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika na kumsomea shahidi naye akatia sahihi mbele yangu, saa sita na dakika kumi. Shahidi aliomba maji mara moja. Katika fomu ya kifo, sehemu ya makazi, nilikuwa nimejaza Florida kwa kufuata leseni ya udereva ya marehemu. Nimeikata na kuandika Mtaa wa Linden, namba 41. Bintiye alikuwepo. Hakupinga.

Sajini D. Keough