Loki za Gari Lililompeleka Rehema

Mandewa,
Singida Mjini.

Mama Mwajuma, mke wangu,

Nakusalimu wewe na watoto kutoka huku kwenye upepo na mawe. Hali yangu ni nzuri, ila midomo imepasuka na kifua kimejaa vumbi. Mguu wako umepona? Na mama bado anakohoa? Barua yako uliyompa dereva wa lori la korosho ilinifikia imelowa mafuta, nikaisoma hivyo hivyo. Pale ulipoandika kwamba Mwajuma ananiita "baba wa barua" nilicheka, halafu nikakosa raha siku nzima.

Uliuliza kwa nini nimekaa kimya, na kile chumba nilichokwambia kimefikia wapi. Chumba nimekipata. Lakini soma mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu, maana kukipata kwenyewe kumeniacha sijielewi.

Tajiri wangu Mzee Salum, huyu mwenye duka na mashine ya kukamua alizeti, alinunua gari dogo la kutoka Japani. Limetumika huko kwao, wakalichoka, likashushwa bandarini kama siku hizi vinavyoshushwa vitu vyote tangu biashara iwe ruksa. Milango yake inajifunga kwa umeme. Dereva akibonyeza loki ya mlango wake, mingine mitatu inaitika. Watu walikuwa wanakuja uani kutazama, na mimi nikibonyeza kwa maringo kama niliyeiunda.

Haukupita muda loki zikaingia wazimu. Gari likikanyaga matuta, milango yote inajifunga yenyewe, na kufunguka ni mpaka ipende. Vile vichwa vya loki vya kuvutia kwa vidole, vya milango ya nyuma, vilikuwa vimekwisha kukatika kwa kuvutwa na plaizi. Kwa hiyo ikijifunga, aliyekaa nyuma hana lake.

Mzee aliniita dukani. Alisema binti yake Rehema anaolewa Iguguno na mfanyabiashara wa alizeti, na gari hilo ndilo litakalompeleka. Likiwa zima siku hiyo, harusi ikipita nitapewa chumba cha uani nilete familia. Likimwaibisha, atatafuta dereva wa Arusha anayeyajua magari ya namna hii. Hakunifokea. Alisema kwa upole kabisa, na ndiyo maana nilimwogopa.

Mafundi wa hapa ni hodari kwa malori, lakini yule niliyempelekea alibonyeza loki mara mbili, akasema hilo ni gari la kompyuta, akaenda kunawa mikono. Kitabu cha gari kipo, kimeandikwa Kijapani. Niliambulia picha tu. Basi nikaamua nitengeneze mwenyewe.

Nilitoa waya wa betri, nikabandua ubao wa mlango wangu kwa bisibisi niliyoizungushia kitambaa. Vibanio viwili vilivunjika, nikavitia mfukoni kama mwizi. Kati ya mlango na bodi kuna mpira uliokunjamana, ndani yake zinapita nyaya. Nilipouvuta nikakuta mbili zimekatika kwa sababu ya kufungua na kufunga miaka yote hiyo. Nikazimenya, nikazisokota, nikazizungushia tepu. Niliporudisha betri loki zikaitika, nami nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Nyuma, mlango wa kushoto ulinishinda kabisa. Wa kulia ulikuwa unafungika vizuri, ila kufunguka mara nyingine unagoma, mota yake imechoka. Nikafunga uzi wa kushonea viatu kwenye kile chuma cha loki, nikautoa juu kwenye tundu lake, nikaupitisha chini ya mpira wa dirisha mpaka nyuma ya kiti changu. Mlango ukikataa, navuta uzi. Sikumwambia mtu. Mzee alitaka gari zima, na gari la kufungua kwa uzi nani atasema ni zima?

Rehema utamkumbuka, nilikwambia habari zake. Ndiye aliyekuwa anakaa dukani tangu amalize kidato cha nne, na ndiye aliyekuwa ananiandikia bahasha zako. Siku ya kumpeleka alikaa nyuma peke yake, kafunikwa vizuri. Shangazi yake, Bi Mwanaidi, alikaa mbele na mimi kwa sababu akikaa nyuma anatapika. Wengine walifuata kwa lori. Vumbi lilikuwa jingi, tukapandisha vioo vyote, na njia nzima shangazi alikuwa akisali.

Tulifika alasiri. Wanawake wa upande wa mume walikuwa wametandika kanga kutoka mlangoni kwao mpaka uwanjani, kwa maana bibi harusi hakanyagi udongo. Bi Mwanaidi akashuka kuhakikisha zimefika mpaka kwenye gari. Akausukuma mlango kwa kishindo, na loki zote nne zikashuka. Nilibonyeza yangu, kimya. Nikabonyeza tena, kimya.

Shangazi akavuta mlango wa nyuma, haukufunguka. Sasa unaijua desturi, kwamba bibi harusi hashuki mpaka upande wa mume watoe kitu. Bi Mwanaidi alidhani Rehema mwenyewe amejifungia. Akatabasamu, akawageukia wenyeji, akawaambia mwanawe hajaridhika. Wimbo ukaanza. Wakaleta doti mpya ya kanga, wakaleta beseni la vyombo, mwisho wakaleta mbuzi. Nikawaashiria kwa mikono kwamba loki ni mbovu, wakapiga vigelegele, wakidhani namtetea.

Nikapeleka mkono nyuma ya kiti kutafuta uzi.

"Kaka, usifungue," Rehema alisema.

Nilidhani nguo yake imenasa. Nikamuuliza kuna nini.

"Tangu waje kuposa hakuna aliyeniuliza. Niache kidogo."

"Kidogo mpaka lini, Rehema?"

"Sijui, kaka."

Hakulia. Angelia labda ningejua la kufanya. Joto humo ndani lilikuwa linazidi, jasho linaniingia machoni, na uzi ninao kidoleni. Nje mbuzi anavutwa pembe, watu wanacheza. Lori nalo likafika, Mzee Salum akashuka, akaja mpaka mbele ya gari. Hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi kupitia kioo cha mbele, akainua nyusi tu.

Mama Mwajuma, hakuna aliyekuwa anajua habari za uzi. Ningeweza kusema loki zimekufa, wakahangaika nazo mpaka jua lizame, naye apate hicho kidogo chake. Ningeweza hata kuwasha gari tukaondoka. Nimeliwaza hilo mara nyingi, na kila mara nashindwa hapo hapo: tuelekee wapi? Nilikufikiria wewe, nikawafikiria watoto, nikamfikiria na huyo dereva wa Arusha. Niliogopa. Sina neno jingine la kulisitiri.

Nilivuta uzi. Mlango ukafunguka vizuri kabisa, vizuri kuliko siku zote. Rehema alijifunika sawasawa, akateremka, akakanyaga kanga.

Mzee alifurahi mno. Anawaambia watu dereva wake ni fundi, anajua kuuzuia mlango mpaka mbuzi atoke. Hapa Mandewa ndiyo imekuwa hadithi ya kuchekesha, nami ninapoisikia nacheka pamoja nao, maana nitawaambia nini?

Juzi nilipeleka mzigo Iguguno nikamkuta Rehema barazani anachambua mchele. Aliniitikia salamu vizuri. Aliuliza hali yako, akauliza na ya Mwajuma, akaendelea kuchambua. Nilimtazama nijue kama yuko salama au hayuko, sikuweza kujua.

Sasa kuhusu chumba. Mzee ametimiza neno lake, ufunguo nimekabidhiwa. Ni kizuri, kina dirisha na sakafu ya saruji, na bomba liko karibu. Ndicho alichokuwa akilala Rehema. Kioo chake bado kiko ukutani na mkeka ameuacha umekunjwa pembeni. Mimi sikuwahi kujiuliza harusi ikipita hicho chumba kitapatikana vipi. Leo ni siku ya sita nina ufunguo na sijaingiza hata shati. Nalala stoo, juu ya magunia.

Nilipokaa kukuandikia nilitaka kukwambia ufungashe, upande basi na watoto, uje. Nilikuwa nimekwisha kuandika hivyo kwenye karatasi nyingine, na siku ya safari nimekupangia. Nikaichana. Nimerudisha kumbukumbu nyuma mpaka siku niliyoondoka Tunduru, na sioni siku hata moja niliyokuuliza kama wewe unataka kuja kukaa Singida. Nilisema tu kwamba mtakuja, nawe ukanyamaza, nami nikahesabu umekubali.

Kwa hiyo nakuuliza. Una shamba lako huko, una mama yako, una wenzako wa kwenda nao kisimani. Unataka kuja? Usijibu haraka kwa kunihurumia, na usiangalie kwamba chumba kimekwisha kupatikana.

Mfikishie shikamoo yangu mama, na baba mdogo anayetuangalizia mikorosho. Msalimie dada Asha, mwambie cherehani yake nikija nitaipaka mafuta. Mwajuma mwambie baba wa barua anampenda, na mdogo wake mbebe kwa niaba yangu.

Chukua muda wako wote. Hata likiwa hapana, niandikie hapana.

Mimi mumeo,
Hamisi