Mvua ya Masakta

Mama, shikamoo. Naamini goti limepoa. Huku Masakta, Hanang, vumbi linaingia hadi kwenye chai.

Jana kwenye harusi ya rafiki yangu Paulo nilipewa maiki nichangamshe watu. Kwanza nikawaeleza hip hop ilivyoanza Marekani: fundi wa disko alikuwa na santuri mbili zinazofanana, akawa anarudia kile kipande cha ngoma tupu kwa sababu wachezaji walikuwa wanakisubiri. Mwenzake akashika maiki kusalimia wageni na kujisifu. Basi na mimi nikashusha mistari yangu ya sekondari.

Kila mstari ukiisha, wazee wote wanaitikia kwa pamoja. Nikajua nimeua. Kumbe huku mtu akisimama kusema maneno ya mpangilio mbele ya watu, anatoa baraka, na baraka huitikiwa. Nilipoweka maiki chini, babu yake Paulo akaniambia bila kucheka, "Kijana, umejisifu vizuri, lakini hujaomba mvua. Baraka haiachwi nusu. Rudi."

Nikarudi. Nikaomba mvua, ng'ombe na mahindi kwa mdundo uleule. Hatujamaliza pilau, mvua ikamwagika, turubai likalala juu ya keki. Hakuna aliyelalamika, hata bibi harusi. Kesho wananipeleka kijiji cha Tumati, mahindi ya huko yamenyauka.

Mungu awatunze, na goti lisikusumbue. Mwambie Baba ile kaseti yangu ya rap aliyoitupa chooni ilikuwa na mvua ndani.

Mwanao, Eliya