Mapangaboi ya Ngong

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu za upepo wa Ngong. Huku Kenya wanapata stima kwa mapangaboi meupe yanayozungushwa na upepo, marefu kuliko mnara wa kanisa letu la Naguru, na mbuzi wanakula majani chini yake. Nimemkumbuka marehemu baba na pangaboi lake la bati juu ya paa la nyumba yetu ya kambini, baada ya vita, likizungusha dainamo ya baiskeli ili redio iseme. Ulikuwa ukianika mashuka tu, anapiga kelele: “Mama Akello, unaniibia upepo!” Nawe unayaanua mabichi, huku ukimwambia aoe hiyo redio.

Leo upepo ulikatika, mapangaboi yote yakasimama. Nikageuka kutafuta mashuka yako.

Mungu akulinde, mama. Ukianika kesho, mwachie baba nafasi kidogo.

Mwanao, Akello